Kesi Kubwa Kule Olenguruone

Rhonda

Tangu nirudi mwezi uliopita, kila jirani anayepita mlangoni pangu hapa Rhonda, Nakuru, ananisimamisha. "Mwalimu, ile kesi yenu ya Olenguruone iliisha aje?" Hata shuleni, mwenzangu anayefundisha jiografia aliniuliza kwa sauti ya chini kama nimepata wakili. Nimechoka kusimulia nusu nusu nikiwa na ndoo mkononi. Nawaandikia nyote mara moja, msome, mcheke mkitaka, kisha mniache nifue nguo zangu kwa amani.

Wengi wenu mnajua habari za kamera, maana niliwachosha nayo mwaka mzima. Kwa asiyejua, chuo kimoja cha ng'ambo kilikubali kutuazima kamera ya kupigia picha nyota, bomba jeusi linalotoshana urefu na mtu mzima. Walitaka kujua kama anga la huku kwetu Bonde la Ufa linafaa kwa kazi hiyo. Sharti lilikuwa fupi: tuwapelekee picha moja safi. Ikipatikana, kamera itabaki kwa wasichana ninaowafundisha fizikia. Isipopatikana kabla ya mvua ndefu, itarudi ilikotoka. Nao walitupa vioo viwili tu vya kupigia picha, vilivyopakwa dawa inayonasa mwanga, kwa kuwa vya aina hiyo ni adimu na huharibika upesi.

Picha ya nini? Hapa niwe mwalimu kidogo, mnivumilie. Nyota huzaliwa ndani ya gesi. Gesi hiyo, haidrojeni, ikimulikwa na nyota changa hung'aa wekundu wa aina moja, na kamera yetu ina kioo chekundu kinachoupitisha wekundu huo na kuzuia karibu mwanga mwingine wote. Galaksi za mwanzo kabisa, zile kongwe zilizo mbali kupita akili, wataalamu wanadhani zilijaa gesi ya namna hiyo na nyota zilizaliwa humo kwa fujo. Kamera yetu haiwezi kuzifikia. Lakini upande wa kusini kuna galaksi ndogo, jirani yetu, ambayo bado ina gesi tele. Ukitaka kujua marehemu babu yako alikuwaje ujanani, na hakuna picha yake, unamtazama mjukuu anayefanana naye. Basi sisi tulikuwa tunakwenda kumpiga picha mjukuu.

Nilipowaeleza wasichana sharti lile, Rehema, ambaye ni hodari kuliko wote, aliinua mabega akasema, "Mwalimu, hata wakiichukua, si tumezoea." Nilikasirika. Kilichoniudhi ni kwamba alilisema bila uchungu wowote, kama mtu anayesema kesho ni Jumanne. Siku ile nikaapa kwamba picha nitaileta.

Gilgil

Kamera ilikuwa Gilgil, kwa mmisionari mmoja mstaafu aliyepewa aitunze, kwa hiyo safari ya kwenda magharibi tuliianza kwa kwenda mashariki. Pikapu ilikuwa ya Bwana Harjit, Singasinga mwenye gereji pale mjini. Ndiye aliyetutengenezea stendi ya kuizungusha kamera polepole ifuate nyota, kwa kutumia mota ya waipa ya lori na betri ya gari. Anajivunia stendi hiyo kuliko watoto wake. Mkewe alitufungia paratha za viazi na achari ya ndimu, akaniambia nimwangalie mumewe asile zote kabla ya Njoro.

Tulipakia bomba, tukalifunga kwa kamba, likachungulia nje kwa nyuma. Hatukwenda mbali, tairi likapasuka. Kwa bahati yetu lilipasukia mahali ambapo wanajeshi hupita wakirudi kambini. Mmoja akasimama, akalitazama bomba letu kwa makini sana.

"Habari ya asubuhi. Hii ni mzinga ama ni nini?"

"Ni kamera, afande," nikasema.

"Inafanya nini?"

Harjit akajibu kutoka chini ya gari, "Inapiga nyota!" Nadhani mwanajeshi alisikia lile neno la kwanza tu.

"Inapiga umbali gani?"

Mwalimu ni mwalimu. Badala ya kufafanua, nikajibu swali nililoulizwa. "Ile tunayolenga, afande, mwanga wake umesafiri zaidi ya miaka laki moja na nusu mpaka utufikie."

Akalitazama bomba, akanitazama mimi, kisha akaangua kicheko. "Basi hiyo haiwezi kuwa yetu," akasema, akakunja mikono ya shati na kutusaidia kufunga tairi la akiba.

Njoro hadi Molo

Hapa niwaambie jambo moja, kwa sababu ndilo lililoleta yote. Kabla ya safari nilimpa salamu Kiprono, dereva wa lori la maziwa ambaye kwao ni Olenguruone. Nilimwambia, "Waambie watu kwamba mwalimu wa Nakuru anakuja kutafuta gesi kwa kamera, na anaomba mahali palipo wazi upande wa kusini." Kiprono akarudia maneno yangu ili asikosee. Nilisikia akisema "kesi", nami sikujali. Watu wa kwao ulimi hugeuza g ikawa k, kama wangu mimi Mkikuyu unavyogeuza l ikawa r, hata wasichana wakitaka kuniiga husema "garaksi".

Kutoka Njoro kwenda Elburgon tulifuata lori la mbao, tukala vumbi lake lote. Harjit hakutaka kulipita. Alisema, "Mwalimu, gari iko mzuri, lakini stendi iko nyuma, na mimi sitarusha stendi." Paratha ziliisha Elburgon. Molo tulishuka tukanywa chai ya moto kwenye hoteli moja ya mabati, baridi ikitupenya mpaka mifupani, na hapo ndipo Harjit aliponyoosha kidole kuelekea milima ya Mau.

"Hiyo ni mawingu?"

Ulikuwa moshi. Ulisimama huku na huko juu ya milima, nguzo baada ya nguzo. Nilikuwa nimechagua mwezi ule kwa sababu galaksi ile jirani huwa imeshachomoza mara tu giza linapoingia, na mvua hakuna. Nikasahau kwamba ndio mwezi ambao wakulima wa huko huchoma vichaka walivyofyeka, wapate kupanda mvua ikija. Galaksi yenyewe haipandi sana, hukaa chini upande wa kusini, na moshi kidogo tu unatosha kuifuta. Chai ikanishinda kumaliza.

Keringet

Tulisimama Keringet kununua sukari na mafuta ya taa. Mama mwenye duka alikuwa akipima sukari, macho yake yakiwa kwenye bomba letu nje.

"Nyinyi ndio watu ya kesi?"

Nikatabasamu. Kumbe Kiprono amefikisha salamu. "Ndio sisi, mama."

"Ni kubwa?"

"Kubwa sana. Huku haijawahi kuonekana."

Mkono wake ukasimama juu ya mizani. "Na hiyo picha mtapiga, inaenda wapi?"

"Ng'ambo. Kuna wakubwa huko wataiangalia, halafu ndio wataamua."

"Itachukua siku mingi?"

"Ikiwa wazi kabisa, jioni moja inatosha."

Akanipa sukari yangu bila neno lingine. Tulipokuwa tukiingia garini nilimwona akitoka mlango wa nyuma na kumtuma mtu mbio. Nikamwambia Harjit kwamba watu wa huku wanapenda sayansi.

Olenguruone, jioni ya kwanza

Tulipokelewa na Mzee Koros, ambaye Kiprono alikuwa ametuelekeza kwake, mwanamume mrefu mwenye shamba kwenye ukingo wa mlima, msitu ukiwa juu yake na kusini kukiwa wazi kabisa. Alisimama langoni kofia mkononi. Kando yake alikuwa mama yake, ambaye kila mtu alimwita Kogo, yaani nyanya, nami nikamwita hivyo hivyo. Walikuwa na adabu mno. Adabu ile ya watu walioketi kliniki wakingoja kuitwa.

"Hii ndiyo shamba yangu," Koros akasema. "Mpaka ni ule mti mkubwa. Haijasonga."

"Mpaka haunihusu, mzee," nikamjibu kwa moyo mweupe. "Mimi naangalia kule juu tu."

Akageuka kuutazama msitu ulio juu ya shamba lake.

Hata hivyo walitupa chakula: ugali wa moto, mboga za sageti, na mursik, maziwa ya kibuyu yaliyotiwa masizi ya mti wao mpaka yakawa na rangi ya kijivu. Mimi nilisita kidogo. Harjit alionja, akafumba macho, akasema ni lassi, mtindi wa kwao, iliyosoma mpaka chuo kikuu, akamwomba Kogo amwongeze. Kogo akamwongeza bila kutabasamu.

Giza lilipoingia tuliielekeza kamera kusini, na kusini kulikuwa na ukuta wa moshi. Nilikataa kushindwa. Nikakifungua kioo cha kwanza nikitumaini upepo utaupeleka ule moshi kwingine. Haukuupeleka. Kioo kikaharibika bure, nami nikaenda kulala na hasira zangu. Kilibaki kioo kimoja.

Siku ya pili

Asubuhi hapakuwa na moshi. Nilitoka nje nikadhani bado naota. Milima yote ilikuwa safi, buluu, hata ungeweza kuuona mti mmoja mmoja. Mpaka saa sita mchana hakuna aliyekuwa amewasha moto popote. Harjit alirukaruka kama mtu aliyepita mtihani. Tukapangusa lenzi, tukakaza skrubu za stendi, tukaimba hata nyimbo za kanisa, yeye akibuni maneno.

Kitu kimoja tu kilinisumbua. Watu waliopita njiani hawakutusalimu. Walitupa jicho la pembeni na kuongeza mwendo.

Mchana Kogo akaja na kibuyu cha maziwa. Akaketi kwenye gogo, akakishika kwa mikono miwili, asinipe.

"Mwalimu, mimi ni mzee. Usinifiche. Hii kesi, ni nani ametushtaki?"

"Kesi gani, Kogo?"

"Hii umeleta. Kiprono alisema unakuja na kamera kutafuta kesi. Na ule mama wa Keringet umemwambia wewe mwenyewe, ni kubwa, na wakubwa wataamua. Jana usiku tumeambia watu yote wasichome shamba, picha isionyeshe moto karibu na msitu. Sisi tulishahamishwa mbeleni, mwalimu. Nilibeba huyu Koros kwa mgongo. Sitaweza kuhama tena."

Maneno yangu yote ya dukani yakanirudia moja moja, na ya langoni pia. Kabla sijafungua mdomo, Harjit akanivuta kando.

"Mwalimu, leo usiseme. Kesho asubuhi tutasema, tutacheka wote. Ukisema saa hii watawasha moto wote, na kioo iko moja."

Alikuwa sawa kuhusu moto. Nilimfikiria Rehema na mabega yake. Nikamtazama Kogo pale kwenye gogo, na macho yake yalikuwa mekundu, bila shaka hakuwa amelala. Angelala vipi usiku wa pili, mimi nikichezea nyota mlangoni pake? Nikajua kwamba picha ya namna hiyo nisingeweza kuwaonyesha wasichana wangu na kuwatazama machoni.

Nikarudi nikapiga magoti mbele yake. "Kogo, hakuna kesi. Hakuna aliyewashtaki. Nilisema gesi. Ge-si. Gesi ya kwenye nyota."

"Kesi ya nyota?"

"Gesi, Kogo. Kitu kama mvuke. Nyota zinazaliwa ndani yake."

Alinitazama, akitafuta uongo usoni pangu. Kisha akaniuliza polepole, "Na shamba?"

"Shamba ni lenu. Mimi sina habari nalo."

Kogo akalia. Alilia kidogo tu, akajipangusa kwa ncha ya kitambaa, ndipo akanipa kibuyu.

Habari ilienea mlima mzima. Watu wakaja, wakataka niseme tena, wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Wanawake walifundishana, "Sema gesi," na wote wakasema kesi, wakaanza upya. Mimi nikawaambia "garaksi" ili tulingane. Mtu mmoja tu hakucheka.

"Kwa hivyo," Koros akasema, "nimelala na roho mkononi, nimeacha kazi yangu siku nzima, sababu ya nyota?" Akachukua panga lake na kiberiti, akateremka shambani.

Jioni

Jua lilipokuwa likizama, nguzo ya moshi ikainuka upande wa kusini, mahali pale pale nilipokuwa nimelenga. Harjit hakusema "nilikuambia". Alikaa juu ya betri yake akashika tama. Nilimwona Kogo akishika fimbo yake na kuteremka taratibu kumfuata mwanawe.

Nilianza kupanga maneno nitakayowaambia wasichana. Halafu moshi ukapungua, ukawa uzi, uzi nao ukakatika. Giza lilipoanza kuingia, Koros akapanda kutoka shambani, uso umejaa masizi, mama yake akimfuata.

"Nimezima," akasema. "Mama ameniambia, huyu angenyamaza angepata kitu yake na aende. Amesema ukweli kabla hajapata. Sasa nionyeshe hiyo kitu."

Nilimshika mkono tu, masizi na yote.

Nyota zikatoka, nami nikamwonyesha kwa kidole, chini kusini, kipande cheupe cheupe kama wingu dogo. Koros akacheka kwa mara ya kwanza. "Hiyo? Hiyo naijua. Nikiwa kijana nikichunga ng'ombe tuliita moshi ambayo haiendi."

Tukakifungua kioo cha mwisho. Picha ile inahitaji zaidi ya saa nzima, na muda wote huo jicho langu lisiondoke kwenye darubini ndogo iliyofungwa pembeni mwa bomba, vidole vikizungusha skrubu kidogo kidogo ili nyota isitoke kwenye msalaba uliochorwa ndani yake. Mota ya waipa ilinguruma vizuri. Kisha upepo wa mlimani ukaja, na bomba likaanza kutikisika. Nikapiga kelele bila kugeuka. Nikasikia Koros akiita kwa lugha yao, nyayo nyingi zikakimbia, na upepo ukakatika ghafla. Baadaye nilipoinua kichwa ndipo nilipowaona: wanaume na wanawake wa mlima ule wamesimama bega kwa bega upande wa upepo, kila mmoja ametandaza blanketi lake, na wao wenyewe wanatetemeka.

Nilipofunga kioo, Koros alibaki nyuma.

"Hiyo picha inaenda kwa wakubwa ng'ambo kweli?"

"Kweli, mzee."

"Itasema imepigwa wapi?"

"Tutaandika Olenguruone."

Akafikiri. "Andika jina yangu pia. Ndio wajue niko hapa."

Kurudi

Kurudi sikumbuki sana, nililala njia nzima nimekumbatia sanduku la kioo. Tulikisafisha kwa dawa za picha kwenye stoo ya maabara, katika giza totoro, mimi na wasichana. Taa ilipowashwa tukasongamana kukitazama. Kwenye kioo mwanga hutokea mweusi, na pale katikati palikuwa na madoa meusi, moja kubwa lenye miguu kama buibui, safi, halina moshi hata chembe.

"Hizo ndizo nyota zinazozaliwa?" Rehema akauliza.

"Ndimo zinamozaliwa."

Alikiinamia kioo mpaka nikamwambia arudi nyuma, asikipumulie. "Hawawezi kuichukua kamera sasa," akasema. "Wakija nitawazuia mlangoni mimi mwenyewe." Nikageuka nikajifanya natafuta kitambaa.

Kabla ya kukituma, nilikwaruza pembeni ya kioo kwa sindano: Olenguruone, Koros.

Juzi telegramu ikaja. Nilikutana na Kiprono akipakia madebe, nikamwomba, "Mwambie Kogo tumeshinda."

Akakuna kichwa. Tangu siku zile anaogopa kubeba salamu zangu, na g anaitamka kwa kujikaza. "Kesi ama gesi?"

"Zote mbili," nikasema.

Telegramu yenyewe ilikuwa fupi. Picha safi. Kamera ibaki. Kisha swali: Koros ni kifaa gani?

Jana nilikwenda posta kuwajibu. Karani alinikumbusha kwamba kila neno linalipiwa, nikamwambia aandike yote, asipunguze hata moja: Koros ndiye mwenye shamba.